Mkoba wa Dawa za Mama

Mimi si fundi, na sijawahi kujidai kuwa fundi. Fundi ni mama. Hapa Kwedizinga ukiuliza kwa fundi Hajira, hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole. Lakini mkoba ule niliushona mimi, kwa cherehani yake, yeye akiwa amekaa mkekani hatua nne tu kutoka nilipokuwa. Karibu siku mbili aliniangalia bila kusema neno.

Mama alikuwa na wiki ya tatu tangu arudi kutoka hospitali ya milimani, upande wa Lutindi, alikotibiwa maradhi ya akili kwa miezi mitano. Alirudi na dawa za asubuhi na dawa za jioni, zote kwenye mfuko mwepesi unaoonyesha kila kilichomo. Tukitoka naye, watu walimpa pole ya safari huku macho yao yakisoma mfuko. Iliniuma. Nikaapa kwamba siku ya kurudi kliniki mama hatapanda basi la Korogwe huku kashika ugonjwa wake hadharani. Nitamshonea mkoba mdogo wa zipu, na ndani nitaweka mifuko miwili: mweupe wa dawa za asubuhi, wa buluu wa dawa za jioni. Mama hakusoma, lakini rangi hazimpigi chenga.

Nje niliweka kitenge. Kwa ndani sikuwa na kitambaa cha bitana, na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo sijui kama ni ujasiri au ujinga. Uvunguni kulikuwa na kiroba cha vipande vyeupe na vya buluu. Nilikivuta, nikachagua vipande vikubwa.

Vipande vile vilikuwa sare za shule. Januari, wiki ya kufungua, mama alikuwa ameshona sare za watoto kumi na tisa, mashati meupe na sketi za buluu, zimepigwa pasi na kukunjwa. Asubuhi moja nilimkuta amezikatakata zote, anabishana na watu nisiowaona. Nilipomshika mkono ili anipe mkasi, ukanipasua kwenye shina la dole gumba la kushoto. Kidonda kilipona, ila dole halikunjiki tena.

Mjomba Mdoe, kaka yake mama anayeishi Mashewa, ndiye aliyempeleka hospitali, na ndiye aliyemrudisha. Kabla hajaondoka aliniita pembeni.

"Hafsa, chuma chochote chenye makali kisionekane humu ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

Nilimwelewa kupita kiasi. Visu vyote nilivipeleka kwa jirani yetu Yasinta, nikawa nakwenda kwake kukata mchicha, nakwenda kukata vitunguu, kama mtu asiye na jiko. Mkasi wa mama, ule mkubwa mweusi, ulinishinda kuutoa nje ya nyumba. Ndio ulionisomesha. Nikaufukia kwenye debe la mahindi, chini kabisa. Nilimpenda mama na nilimwogopa mama, na nilipompa mgongo wakati nashona, mgongo wote ulikuwa macho.

Basi nikashona. Kitenge na bitana nilivikatia kwa Yasinta, nikarudi navyo vimekunjwa kwenye khanga. Mifuko niliitia juu ya bitana, mstari ukaenda upogo kwa sababu ya dole langu. Zipu ilinitoa jasho. Ilipokaa, niliifungua na kuifunga mara sita kwa furaha, kisha nikaunganisha pande mbili, kitenge kikitazamana na kitenge, nikapiga mshono pembeni na chini. Ilikuwa alasiri ya siku ya pili, na kesho yake ndiyo safari. Ilibaki kuupindua tu mkoba.

Haukupinduka. Nilikuwa nimeiacha zipu imefungwa, na kishikio chake kimebaki ndani. Nilivuta huku, nikabana kule, nikajaribu kuisukuma zipu kupitia kwenye kitambaa. Wapi! Nikasonya, nikautupa mkoba sakafuni.

"Lete nione," mama alisema.

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Januari. Ilikuwa sauti ya fundi. Nikauokota, nikampa.

Mkoba ulikuwa bado ndani nje, kwa hiyo bitana ndiyo iliyokuwa juu, na mifuko yote miwili imekaa wazi mbele yake. Mama aliupapasa mweupe. Alipofika kwenye wa buluu, kidole chake kilisimama. Nikajua amekijua kitambaa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hizi ni zile sketi," alisema.

"Nilikosa kitambaa kingine, mama. Nisamehe."

"Kitambaa kizuri hiki. Hakichuji rangi." Akaugeuza mkoba, akaukagua mshono wa chini. "Ulitakiwa uiache zipu wazi kabla hujafunga pande. Sasa itabidi kufumua hapa chini, upana wa vidole viwili au vitatu, viingie viifungue zipu. Halafu unapashona tena hapo, ndipo unapindua."

"Nitakwenda kwa Yasinta anifumulie."

"Kwa Yasinta," aliitikia. "Mchicha kwa Yasinta, vitunguu kwa Yasinta. Na mshono nao uende kwa Yasinta?"

Niliangalia miguu yangu.

"Mkasi uko kwenye debe la mahindi," mama alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya, lakini alikuwa ananitazama usoni, ametulia tuli.

"Umejua lini, mama?"

"Siku ya tatu. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nilitaka kupepeta mahindi ya kupeleka mashineni, nikatia mkono, nikaukuta. Niliutoa, nikaufuta vumbi. Nikakaa nao hapa hapa mkekani mpaka niliposikia ndoo zako njiani. Nikaurudisha."

Wiki tatu, basi. Wiki tatu nimetembeza mboga kwa jirani, na mkasi muda wote alikuwa anajua ulipo. Niliona aibu, nikashukuru, na hofu nayo haikuondoka. Sitadanganya kwamba iliondoka.

"Kwa nini hukuuchukua? Ni wako."

"Wangu, ndiyo." Alishusha macho kwenye mkono wangu wa kushoto, pale penye kovu. "Lakini uliufukia wewe. Nilitaka unipe wewe."

Nilikwenda kwenye debe. Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, mahindi yakamwagika, sikuyajali. Chuma kilikuwa baridi. Niliporudi nilisimama mbele yake, nimeushika mkasi kwa makali, mpini ukimwelekea yeye, kama alivyonifundisha nikiwa na miaka saba. Akaushika mpini, mimi bado nimeyashika makali. Kisha nikauachia.

Mama alihamia kwenye kiti cha cherehani. Aliulaza mkoba magotini, akatafuta mwanzo wa mshono kwa ukucha. Mkono mmoja ulikuwa na mkasi, mwingine unavuta bitana, na kitambaa bado kilikuwa kinamponyoka.

"Njoo unishikie hapa," alisema. "Bana kwa dole gumba, kitambaa kikae."

Nikampelekea mkono wa kulia.

"Sio huo, utanizibia mwanga. Lete wa kushoto."

Nikaliweka dole langu lisilokunjika juu ya mshono, karibu na ncha ya mkasi kiasi cha punje moja ya mchele. Mama alivuta pumzi, akainama, akakata uzi wa kwanza.