Mkasi wa Fundi Mkuu

Siku yangu ya mwisho ugenini niliamka mapema, nikasali, kisha nikaenda kwenye karakana ya ushonaji nilikofanya kazi miaka kumi na mmoja. Wenzangu, wote wenyeji wa pale, walikuwa wamenishonea koti la kusafiria. Lilibaki kutiwa vifungo tu, na kazi hiyo alikuwa nayo Mrefu.

Mrefu hakuwa mtu wa vifungo. Miaka ile nilipoanza kazi pale alikuwa mkataji, na ndiye aliyenifundisha kushika chaki. Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mkasi wake mkubwa, aliourithi kwa baba yake, ulikata kitambaa tu. Karatasi ilikuwa marufuku, maana huua makali.

Mwaka wa tatu nilianza masomo ya jioni. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na sikujua kusoma. Wakaniita Mwanafunzi, na Fundi akauliza kama nitahitimu kabla ya kung'oka meno. Asubuhi moja, karakana ikiwa tupu, niliuchukua mkasi ule nikakata maboksi kuwa kadi za herufi. Mchana, Mrefu alipoushika, ukatafuna kitambaa cha suti ya bwana harusi. Fundi alidhani Mrefu amekatia karatasi. Mrefu alikana, mimi nikanyamaza. Tangu siku hiyo akahamishiwa meza ya vifungo.

Kwa miaka minane, kila nilipopiga magoti, nilimwomba Mungu msamaha. Lakini Mungu si yeye aliyenyang'anywa meza.

Fundi alianza kuniaga mbele ya wote. Alisema nimeishi nao kwa uaminifu. Neno hilo lilinishinda, nikamkatiza.

"Mzee, mkasi niliuharibu mimi. Nilikatia maboksi. Mrefu hakuwa na kosa, nami niliogopa kufukuzwa."

Fundi alivua miwani, akaifuta. Kisha akauchukua mkasi, akauweka mbele ya Mrefu, akamwambia arudi kwenye meza yake kuanzia kesho.

Mrefu hakuugusa.

"Mstari wa chaki siuoni tena, Mzee. Miaka minane ni mingi kwa macho."

Akaendelea na kifungo cha mwisho. Alipapasa tundu la sindano kwa kidole, akashona polepole, akakata uzi kwa meno. Kisha akanishikia koti nivae.

"Nisamehe, kaka," nikasema.

Alinifunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

"Wasalimie nyumbani, Mwanafunzi," akasema, akarudi kuketi.

Sasa nina wiki mbili nyumbani. Koti nimelitundika ukutani, mahali ninapolitazama nikisali. Vifungo vimekazwa sawasawa, hakuna hata kimoja kinachocheza. Katika sala zangu namtaja Mrefu kwanza, ndipo nafika kwangu.