Risasi Iliyokwama

Mashine ya kupimia risasi pale kiwandani ilikuwa imekufa zamani, na mabosi wametulia tuli kama maji ya mtungi. Basi mkaguzi alizitikisa risasi sikioni, moja moja. Risasi nzima hunong'ona baruti ndani. Siku hiyo akakuta bubu. Kisha nyingine. Akajua tu kwamba funeli ya kumiminia baruti imekwama tena, na wale mafundi, badala ya kusimamisha kazi, wameigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ikatema. Ganda moja linapita tupu, la nyuma yake linashiba maradufu.

Kreti zile zilikuwa za askari wa mpakani, na mumewe alikuwa mmoja wao. Akamfuata msimamizi, ambaye ni mdogo wa mumewe, akamwambia zisitoke. Msimamizi akamcheka mbele za watu, eti tangu lini sikio likawa mizani. Loo, huyo shemeji kwa ubishi! Mkaguzi naye akakaza, akasema hanyamazi, hayo ni mauaji. Ndipo msimamizi akatwaa bunduki, akachota risasi kwenye kreti, akaelekea kwenye ukuta wa magunia ya mchanga, kiwanda kizima nyuma yake.

Ya kwanza ililia sawasawa. Ya pili pia. Ya tatu ikasema pufu, kama kizibo cha soda, na magunia hayakutikisika.

"Shemeji, iache. Risasi imebaki mtutuni, imeuziba."

Mtu akacheka huko nyuma. Kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Mwanamume mzima akakoki tena, akafyatua.

Bunduki ilimpasukia mikononi. Chuma kilimchana taya na shingo, kikang'oa jicho, vidole viwili vikaruka na kugonga mlango wa bati. Akaanguka akitapika damu. Watu wakatawanyika, kila mtu na roho yake. Mkaguzi peke yake alimrukia, akavua aproni, akaisokomeza kwa mikono miwili kwenye shingo iliyokuwa ikibubujika. Alilia huku anamtukana: mjinga wewe, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wewe umevunjika uso.

Msimamizi akamshika kola kwa mkono uliobaki mzima.

"Gari la kwanza la kreti limeondoka asubuhi," alisema, maneno yakitoka pamoja na meno. "La kambi ya kaka. Nilikuwa naomba Mungu uwe umekosea."

Mkaguzi akaiachia aproni. Damu ikamrukia kifuani, naye akaitazama tu, na kwa kitambo kile alitaka shemeji afe, kweli alitaka. Kisha akairudisha mikono, akakandamiza kwa hasira zake zote, akamwita mlinzi aje na simu.

Mlinzi alikuja mbio. Akauliza apige wapi kwanza, hospitali au mpakani.

"Mpakani," alisema mkaguzi. Na chini ya mikono yake, shemeji yake akaitikia kwa kichwa.