Njia ya Kupitia Pajani

Muuguzi Nesta alimwonyesha Ketrina namba ya juu kwenye mashine ya presha.

"Mama, hii ndiyo ya kuangalia. Ikivuka mia na sitini, usisubiri, niite."

Ketrina hakusoma sana, lakini namba alizijua. Akavuta kiti, akaitazama kama mtu aliyebandika maziwa jikoni.

Kitandani alilala bintiye Recho, wakala wa forodha kule Tunduma. Siku tatu zilizopita alikuwa mpakani akibishana na dereva wa lori, mara kichwa kikamgonga kwa maumivu, akaanguka. Picha zilionyesha mshipa mmoja wa damu umetuna kama kiputo, ndani kabisa, chini ya ubongo. Kiputo kilikuwa kimevuja, kisha kikaziba chenyewe. Kikipasuka tena, huenda asiamke. Kwa hiyo asikohoe kwa nguvu, asijikamue chooni, asigombezwe. Kesho angepelekwa Dar es Salaam kwa ndege, na mumewe Gibson alikuwa ameenda kufuatilia karatasi za safari. Kazi ya leo ilikuwa kutulia tu.

Mia na thelathini na nane.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Asajile, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Ketrina, kofia mkononi, vumbi la kijijini Igamba mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba mkubwa," Recho alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia maajabu. Kichwa ndicho kinachouma, halafu wanakutoboa paja?"

"Polepole, shemeji," Ketrina alisema.

"Si nasema polepole! Nani kasaini?"

"Mimi," Recho akajibu.

"Wewe? Anayeumwa kichwa ndiye anasaini?"

Mia na arobaini na tisa.

Ketrina alijua huo haukuwa ubaya. Mdogo wake, mume wa Ketrina, alimfia mikononi, na tangu siku ile woga wa Asajile ulikuwa ukitoka kwa sura ya ukali. Alikuwa ametoka nyumbani bila hata kunywa chai, midomo imemkauka.

"Kama ni kupasua, wapasue kichwa waone kwa macho," alisema. "Siyo kupenyeza waya gizani."

Recho alikuwa amefumba macho. "Baba mkubwa, foleni ya malori ya Tunduma unaijua?"

"Nani asiyeijua?"

"Lori langu limekwama katikati. Dereva anataka karatasi sasa hivi. Nibomoe nyumba za watu ili nimfikie?"

"Unatuma bodaboda, apenye."

"Basi. Kiputo changu kipo pabaya. Pembeni yake kuna nyumba ya kupumua, nyumba ya kumeza, nyumba ya kuona. Wakipasua fuvu, lazima wapite uani kwa watu. Waya unapita barabara iliyopo, ndani ya mshipa wenyewe, kutoka pajani mpaka pale. Wanakijaza nyuzi laini za chuma, damu isiingie tena."

Asajile akaizungusha kofia. "Na bodaboda akianguka?"

Recho akafumbua macho. Mia na hamsini na saba.

"Anaweza kuanguka. Daktari hakunificha. Na waya ukishindwa kabisa, ndipo watafungua kichwa, wakibane kiputo pale kinapoanzia kwa kibanio."

"Unaona! Unaona! Mwisho ni kule kule! Sasa nawaambia—"

Mia na sitini na tatu.

Ketrina alisimama. Miaka thelathini na minane tangu aolewe katika ukoo ule, hakuwahi hata kumkatiza shemeji yake neno. Akamziba mdomo kwa kiganja chake, akaita, "Nesta!"

Muuguzi alikuja mbio na sindano. Asajile alirudi nyuma mpaka ukutani, akatoka. Namba ilisimama pale pale, kisha ikaanza kushuka, moja moja, kama inayojivuta.

Baadaye Ketrina alisikia viatu vingi koridoni. Kwaya ya kanisa ilikuwa imefika kumwimbia mgonjwa. Kabla hajainuka, akasikia sauti ya Asajile, nyembamba ajabu: "Imbeni moyoni, wapendwa. Mungu anasikia humo humo."

Walisimama mlangoni wakapunga mikono, wakaacha chupa ya uji, wakaondoka wakinyata.

Siku ya waya, Gibson akiwa Dar es Salaam na Recho, Ketrina alikuwa kwenye shamba lake la kahawa Igamba, simu imefungwa ndani ya kanga kifuani. Asajile alikuja na kikapu chake, akashika mstari wa pili, akaanza kuchuma bila kuulizwa.

Simu ya kwanza ililia jua likiwa utosini. Alikuwa Gibson. "Mama, waya umekwama. Mshipa umejikunja kifuani. Wameutoa, wanajaribu kupitia mkononi."

Ketrina akarudia maneno yale kwa sauti. Alingoja Asajile aseme, si niliwaambia.

"Wamegeuza njia," Asajile alisema. "Hata bodaboda hugeuza."

Akaendelea kuchuma. Mbichi na mbivu zote zikaingia kikapuni. Ketrina aliziona, akaendelea na mstari wake.

Simu ya pili ilikawia mpaka vivuli vya mibuni vikarefuka.

"Kimejaa, mama. Hawakufungua kichwa. Wanasema ataangaliwa siku kumi na nne, bado kuna hatari. Lakini amefungua macho. Nimempa kidole, amekibana."

"Mkono upi?"

"Yote miwili, mama."

Ketrina akaketi chini ya mibuni, akavuta pumzi ndefu, akafungua mdomo apige vigelegele.

Asajile akainua kiganja. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Polepole, shemeji," alinong'ona, akionyesha simu iliyokuwa bado hewani. "Mgonjwa amelala."