Nyuzi za Aina Mbili

Raketi ya marehemu mume wangu ndiyo pekee tuliyonayo, na binti yangu Jenifa alikuwa na mashindano ya tenisi Jumamosi. Nilipoifuata kwa fundi Himyar, pale Ngamiani, nilikoipeleka iwambwe nyuzi mpya, nikakuta nyuzi za urefu ni nyeusi, za upana nyeupe.

"Fundi, mbona hazifanani? Umenimalizia mabaki?"

"Mama Jenifa nawe! Nyeusi ngumu, nyeupe laini. Wachezaji wenyewe ndivyo wanavyopenda."

Alijibu haraka mno, macho chini. Mimi nimewamba vitanda vya kamba tangu usichana. Ukivuta kamba upande mmoja zaidi kuliko mwingine, mfumbati, ule mti wa ubavuni mwa kitanda, unapinda. Kabla ya kuileta raketi niliipima urefu kwa uzi, nikapiga fundo ilipoishia. Nikaufungua uzi kwenye pindo la kanga, nikapima tena.

"Imefupika, fundi."

"Labda uzi wako umerefuka."

"Uzi wangu una sababu gani ya kusema uongo?"

Akashusha pumzi. "Kuchanganya si kosa, mama. Ila nyeusi nilizikaza sana, nyeupe nikazilegeza nikihofia zitakatika. Ikibaki hivi, fremu itapasuka."

Akaanza kukata nyuzi kutoka katikati, moja ya urefu, moja ya upana, fremu isishtuke. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo. Nilipopima tena, ikafika kwenye fundo.

"Nenda nyumbani, mama. Nitakuletea mwenyewe."

Nikavuta benchi lake, nikakaa.

"Wamba nikikuona."