Cherehani na Neno la Mwisho

Kikao cha ukoo kilikuwa hakijaanza, lakini baba mdogo Fransisko alikuwa ameshaifunga cherehani kwa kamba ya katani.

"Naisaidia tu isitikisike," aliniambia. Guta lake la kubebea mizigo, alilokuja nalo kutoka kwake Ruhuwiko, lilikuwa limeegeshwa nje, limegeuzwa mgongo kuelekea mlango wetu.

Ilikuwa siku ya kumaliza msiba wa bibi yangu na kugawa vitu vyake, hapa kwetu Mfaranyaki, Songea. Cherehani ile bibi aliitumia miaka thelathini. Miaka tisa ya mwisho nilikuwa naiendesha mimi, maana macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano. Niliacha shule darasa la tano ili nimwuguze, na kushona nikajifunzia palepale kando ya kitanda chake. Alikuwa anasikiliza mlio wa mashine, halafu ananiambia nimekosea wapi. Sina kazi nyingine ninayoijua. Cherehani ingeenda Ruhuwiko, mimi ningebaki na mkasi.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Kazi yake ni kutangaza kwa kipaza sauti juu ya gari, anazunguka mji mzima. Leo dawa ya panya, kesho tamasha la kwaya, keshokutwa mtu kapotelewa na ng'ombe. Hata nyumbani anaongea hivyohivyo. Akiomba chumvi mezani, unahisi kuna punguzo la bei.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa babu Yohanes, kaka yake bibi. Ni mtu mwema sana, ila ana shida moja: anakubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Mwaka juzi ukoo ulipojadili shamba, asubuhi alikubali liuzwe, mchana akakubali lisiuzwe, na jioni akakubali kwamba yeye ndiye anayewachanganya watu.

Baba mdogo akasimama katikati ya ukumbi.

"Ndugu zangu! Nani alimpenda mama? Mimi! Nani alimlilia mama? Mimi! Nani alianguka pale kaburini kwa uchungu? Mimi!"

"Ulijikwaa kwenye jembe," mtu mmoja akasema nyuma.

"Kwa uchungu!" baba mdogo akarudia. "Sasa tazameni. Huyu Benigna alipoanza kushona, mwaka huohuo mama akaanza kuumwa macho. Kabla hajaigusa cherehani, mama alikuwa anahesabu miti ya mlima Matogoro akiwa amekaa hapa! Je, nasema kuna uhusiano? Sisemi. Nauliza tu."

"Hapo umesema kweli," babu Yohanes akasema, akanitazama kwa huzuni.

"La pili. Mtu hakumaliza shule ya msingi, atamaliza kushona suruali? La tatu, na hili ndilo kubwa. Njia ni mbili tu. Ama cherehani ije kwangu, ama ichukuliwe na wezi. Anayetaka wezi, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Mmeona wenyewe. Kikao kizima kimekubali!"

"Kweli, sioni mkono hata mmoja," babu akasema.

Nilikuwa najua maneno yale yana kasoro, kama unavyojua mshono umeruka hata kabla hujaigeuza nguo. Lakini sikujua pa kuanzia kuyafumua. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

Ndipo mlango wa chumba cha bibi ukafunguliwa, akatoka bibi. Maana yake, akatoka Ekaristia, amejifunga kitenge cha bibi, amevaa miwani ya bibi, anatembea kwa kujikongoja kama bibi. Ekaristia ni Mpogoro wa Mahenge aliyeolewa Lizaboni. Wapogoro ni watani wetu sisi Wangoni, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema na kufanya anachotaka. Anayekasirika ndiye mwenye makosa.

"Enyi Wangoni! Mababu zenu walitoka kusini huko na mikuki wakapigana na kila waliyemkuta njiani. Leo mmekosa wa kupigana naye, mnapigana na cherehani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Fransisko mwanangu, mbona hunipi shikamoo?"

"Mtani, tuko kwenye kikao."

"Mnamsikia? Mama yake kafufuka na shikamoo hatoi. Na ndiye aliyeanguka kwa uchungu!" Akapangusa miwani kwa pindo la kitenge. "Haya, na mimi nauliza tu. Fransisko alianza kutangaza kwenye gari mwaka jana. Mwaka jana huohuo mvua ikachelewa. Kabla hajashika kile kipaza sauti, mahindi ya Songea yalikuwa yanagusa paa! Nasema kuna uhusiano? Sisemi."

"Hapo umesema kweli," babu Yohanes akasema, akamtazama baba mdogo kwa wasiwasi.

"La pili, shule. Mwanangu, kidato cha nne ulipata ngapi?"

"Hiyo si ajenda!"

"Alipata si ajenda. Sasa mtu aliyefeli hesabu, atajuaje ana watoto wangapi? Waleteni wote Lizaboni, nitamhesabia mimi. La tatu, na hili ndilo kubwa. Njia ni mbili tu. Ama Fransisko anipe hiyo suruali, ama iliwe na mchwa. Anayewapenda mchwa, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Kikao kizima kimekubali. Vua."

Akamshika mkanda. Baba mdogo akaikamata suruali kwa mikono miwili. Tangu nimfahamu, ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiongea bila kurusha mikono.

"Mwenyekiti! Huu ni utani! Neno la mtani haliingii kwenye maamuzi ya ukoo. Tangu lini?"

"Hapo umesema kweli," babu akasema. "Tangu lini?"

Kicheko kikakatika. Ndivyo ilivyo: mtani anacheka nasi, haamui nasi. Ekaristia akavua miwani, akaja kukaa mkekani karibu yangu.

"Basi aseme mtu wa ukoo," akasema, na kwa chini akanifinya paja mpaka nikajikuta nimesimama.

"Bibi aliumwa macho kwanza," nikasema. "Ndiyo nikaanza kushona. Na shule niliiacha kwa ajili yake. Wezi hawajawahi kuja hapa. Naomba cherehani ibaki, ndiyo kazi yangu."

Nilikuwa nimemaliza. Hayo ndiyo maneno yote niliyokuwa nayo.

"Hapo umesema kweli," babu Yohanes akasema. "Kama macho yalitangulia... Basi, cherehani abaki nayo..."

Lakini baba mdogo alikuwa anavuta pumzi. Naijua pumzi ile. Huivuta kabla hajawasha kipaza sauti, na ikishaingia, mtaa mzima utasikia habari za dawa ya panya. Nikaona wazi kwamba nimeshinda, na kwamba baada ya dakika moja nitakuwa nimeshindwa.

"Tusali," nikasema.

Sijui neno hilo nililitoa wapi. Sijawahi kuongoza sala hata kwenye jumuiya yetu. Lakini msibani nani atakataa kusali? "Kwa jina la Baba," nikaanza, na mkono wa baba mdogo ukapanda wenyewe kwenye paji la uso, mdomo bado uko wazi.

Nikasali Baba Yetu. Nikasali Salamu Maria. Nikamwombea bibi raha ya milele. Nilipokaribia amina nikafungua jicho moja, nikamwona baba mdogo ameegemea mbele, anasubiri. Nikaingia kwenye litania.

"Mtakatifu Yosefu."

"Utuombee," kikao kikaitikia.

"Mtakatifu Mathias."

"Utuombee," baba mdogo akasema, meno yamebanana.

Watakatifu ninaowajua wakaniishia upesi. Nikaanza kutaja majina ya ubatizo ya majirani wa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba. Mtakatifu Sipriani, Mtakatifu Makarius, Mtakatifu Otto, Mtakatifu Renatha. Kwa haraka nikasema hata Mtakatifu Ekaristia.

"Utuombee!" Ekaristia akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Harufu ya wali na maharage ilikuwa inaingia kutoka uani. Nilikuwa natafuta nyumba inayofuata kichwani babu Yohanes alipopiga fimbo chini.

"Amina! Cherehani abaki nayo Benigna. Kikao kimefungwa, chakula kinapoa."

"Lakini mwenyekiti, mimi nilikuwa..."

"Fransisko," babu akasema, ameshashika njia ya uani, "tumeshasali."

Ukumbi ukabaki mtupu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha cherehani, nikaifungua ile kamba ya katani. Ekaristia akaniletea sahani ya wali, akaiweka juu ya meza ya mashine, akanyoosha mikono pembeni kama mtu anayepimwa.

"Haya, mtani. Gauni langu lini?"

"Ukileta kitambaa."

"Kitambaa? Njia ni mbili tu, Benigna. Ama utoe kitambaa wewe, ama mimi nitembee uchi Songea nzima. Unataka nitembee uchi?"

Nikachukua utepe wa kupimia, nikaanza na mabega.