Waitara na Maksai wa Nashoni

Gati alikuwa na meza ya vitenge pale Sirari, na wateja wa pande zote mbili za mpaka. Aliifunga siku alipopigiwa simu kwamba mdogo wake, Waitara, analala porini akigombana na watu wasioonekana. Alirudi nyumbani Manchira akidhani ni wiki mbili tu. Ikawa miaka minne. Ng'ombe wa marehemu baba yao walikwenda mmoja mmoja kwa waganga mpaka zizi likaota majani, na majirani wakaacha kuwaalika hata harusini.

Ni nesi mpya wa zahanati, Projestus, Mhaya mmoja mwenye maneno mengi, aliyewaambia kwamba huo ni ugonjwa kama mwingine. Unaitwa skizofrenia, na una sindano ya kila mwezi. Taratibu zile sauti zikafifia. Waitara akaanza kuoga bila kusukumwa, akashika jembe, mwishowe akaanza hata utani.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, jirani yao Nashoni akaingia uani. Gati alishtuka. Huyu ndiye aliyekuwa akiwafungia watoto wake ndani kila Waitara alipopita.

"Amekukosea nini tena?" Gati aliuliza, hata salamu akaisahau.

"Hajanikosea." Nashoni alikuna kidevu. "Ni maksai wangu wapya. Wamelala shambani na plau nyuma yao, hawataki kuinuka. Nakumbuka zamani huyu mdogo wako alikuwa fundi wa maksai."

Walipofika shambani, watu walikuwa wamejaa kama mnadani. Gati aliwaza: Waitara akishindwa, watasema wazimu umerudi.

Waitara alichuchumaa, akapapasa shingo za maksai, akamnong'oneza mmoja sikioni. Kisha akafungua nira. "Mzee, shikamoo. Huyu amezoea upande wa kulia, wewe umemfunga kushoto. Na nira inamchubua. Hata mimi ningelala."

Akawabadilisha upande, akaviringisha gunia chini ya nira, akapiga mluzi. Maksai wakainuka, wakavuta.

"Umemwambia nini sikioni?" Nashoni aliuliza, macho yamemtoka.

"Siri yetu. Nimesikia sauti miaka minne, Mzee. Zamu hii nilitaka mtu anisikilize mimi."

Watu walitazamana, hawajui kama inaruhusiwa kucheka. Nashoni akaangua kicheko cha kwanza, na shamba zima likafuata. Gati alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kesho umalizie upande wa mtoni," Nashoni alisema, akifuta machozi.

"Kesho siji. Kesho ni siku ya sindano."

"Basi nitakupeleka na pikipiki yangu, halafu tutalima."

Agustina, mke wa Nashoni, akaleta ugali wa ulezi na maziwa ya mgando. Waitara alinawa kwenye beseni moja na wanaume wengine, akamega, akaanza kuwaeleza habari za shingo za ng'ombe, nao wakamsikiliza.

"Gati, mbona umesimama?" Agustina aliita. "Njoo ukae, mama. Leo kuna wengi wa kumtazama."

Gati akakaa, akanyoosha miguu, akala mpaka akashiba.