Gongo la Libuyu

Hilaire alianza kuuchukia mchezo wa kriketi kabla hajauona. Aliuchukia nyumbani kwake, mtaa wa Ngezi mjini Bunia, mbele ya sahani ya sombe ya majani ya muhogo, kwa sababu mke wake Angèle alikuwa anausimulia kwa uso mchangamfu ambao yeye hakuwa ameuona tangu mwaka wa harusi yao.

Ilikuwa 1981. Wakimbizi kutoka Uganda walikuwa wamejaa upande wa Aru, karibu na mpaka, na wengine waliteremka mpaka Bunia kutafuta kazi. Mmoja wao alikuwa Assani, mtu wa mji wa Arua, mrefu, mtaratibu, Mwislamu wa sala tano, aliyepata nafasi ya kushona nguo kwenye baraza ya duka moja sokoni. Angèle alimpelekea gauni lililochanika la mtoto wao Elisabeth, waliyemwita Elisa. Alimtazama anavyogeuza kitambaa kwa kiganja, pole pole, akamtambua kwa mikono kabla ya sura. Siku ile alirudi nyumbani bila gauni, maana yote mawili, gauni na haja yake, yalikuwa yamemtoka kichwani.

Baba yake Angèle alikuwa ametoka Aru kwenda kukata nyasi katika shule moja ya Arua, miaka ya sitini. Jumamosi Angèle na dada yake Berthe walikuwa wanakaa kando ya uwanja kutazama wanafunzi waliovaa nyeupe. Mmoja anarusha mpira, mwenzake amesimama na gongo la ubao mbele ya vijiti vitatu, asikubali viangushwe, na akiweza aupeleke mpira mbali ambako hakuna mtu. Wengi, Angèle alisema, walipiga kama mtu anayeua nyoka. Assani, mwanafunzi wa pale, alipiga kama mtu anayesukuma mlango wa chumba ambamo mtoto amelala. Mpira ulikuwa unaondoka bila kelele, na waliokuwa wanaukimbilia walionekana kama waliochelewa tangu asubuhi. Wale wasichana wawili walikuwa wamepatia kila pigo lake jina: hili Kufungua Mlango, hili Kumwaga Maji, hili Kusalimia Padri, kwa sababu alikuwa anainama kidogo.

Hilaire alikuwa seremala, na seremala mzuri. Viti vyake vilikuwa vimefika mpaka Iga Barrière. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukipatia jina kiti chake.

Assani akawa anakuja Jumapili baada ya misa kunywa chai. Kila mara alimsalimia kwanza mwenye nyumba, akamwita fundi, akamuuliza habari za kazi. Halafu Angèle angesema, “Yaya Assani, unakumbuka…” na mazungumzo yangetoka nje ya ua, yangevuka mpaka, yangekwenda kukaa Arua, mahali ambako Hilaire hakuwa na kiti. Angèle alichukua mwiko akaonyesha pigo, Assani akamrekebisha kiwiko kwa maneno, bila kumgusa. Hilaire aliona hata huko kutomgusa kuwa ni ujanja. Neno “yaya” lenyewe lilimkera. Kaka kwa damu gani?

Jirani walisikia hadithi hizo, na vijana wa mtaa, pamoja na wakimbizi wengine waliowahi kucheza, wakataka kuona. Fundi viatu alishona ngozi juu ya mpira wa utomvu. Vijiti vilichongwa. Likabaki gongo, na Angèle akamwomba mume wake alitengeneze. Aliomba vizuri, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua kwamba anaomba kitu kikubwa kuliko kinavyoonekana.

Katika atelie, karakana yake, Hilaire alikuwa na ubao wa musizi, mti mwepesi, uliokauka vizuri. Aliugonga kwa kidole, akausikia ukiitika, akaurudisha ukutani. Akachukua kipande cha libuyu, mti mwekundu wa makabati ya matajiri, mzito kama jiwe la kusagia. Alikipiga randa, akakipitisha msasa, akakipaka mafuta mpaka kikang'aa. Halikuwahi kutoka mikononi mwake gongo, lakini mtu yeyote angesema ni kazi ya mtu mwenye mapenzi.

Assani alilipokea kwa mikono miwili. Alilinyanyua, akalishusha, akashukuru.

Jumapili uwanja ulijaa. Mrushaji alikuwa Fulgence, mwalimu kijana aliyezoea kudaka mpira wa miguu. Aliutupa mpira wa kwanza, Assani akachelewa. Wa pili ulimgonga kwenye paja. Gongo lilikuwa linafika mahali mpira ulipokuwa umekwisha kupita, na alipojaribu kulizungusha haraka, lilimvuta yeye, akayumba kama mlevi. Vijiti vikaanguka. Watu walicheka, na mama mmoja akauliza kama huyu ndiye yule ambaye Mama Elisa aliwasimulia.

Hilaire alisikia furaha, ile ya mtu anayekuna kidonda: tamu mwanzoni. Assani hakulaumu gongo. Aliwaambia watu kwamba mikono yake imezoea sindano, wamsamehe. Angèle alikwenda akaliokota pale chini, akalipima kwa mkono mmoja, akalibeba begani mpaka nyumbani.

Alilisimamisha mlangoni, kati yake na mume wake.

“Papa Elisa, hii gongo uliitengeneza ya kupigia, ao ya kumwangusha?”

Hilaire alijibu kwamba hakujua uzito wake.

“Weye? Weye unajua uzito ya mbao mbele ya kuigusa.”

“Na miye nifanye nini?” alisema Hilaire. “Kila siku Assani, Assani. Ile mapigo ya Arua sijaionaka hata siku moja. Ninakaa mu nyumba yangu kama mugeni.”

Angèle alikaa kitini. Alimuuliza kama anajua ni watu wangapi duniani bado wanamkumbuka Berthe akicheka. Berthe alikufa kwa homa mwaka uleule familia iliporudi Aru. Mama yao alikufa, baba yao alikufa. Assani alikuwa akiwasikia wasichana wale wakiita majina ya mapigo, na mara nyingine, alikuwa amemkiria juzi, alipiga Kusalimia Padri kwa makusudi tu ili Berthe, mkubwa wao, acheke.

“Mimi sisemi na Assani,” Angèle alisema. “Ninasema na dada yangu.”

Hilaire alikuwa anajua kwamba Berthe aliwahi kuwapo, kama mtu anavyojua jina la mto asiouvuka. Hakuwa ameuliza zaidi.

Kesho yake alimwita Assani atelie. Alimpa ule ubao wa musizi aushike, akachonga mbele yake, akisimama kila mara kumuuliza panapozidi na panapopungua. Kazi ilipokuwa karibu kwisha, Assani alisema bila kumtazama, “Lile la kwanza nilijua tangu nilipolinyanyua.”

“Sasa sababu gani haukusema?”

“Mbele ya mke wako, fundi?”

Maneno hayo yalimuuma Hilaire kuliko tusi. Alikuwa ametaka adui, na mtu huyu alikuwa anakataa kuwa adui hata kwa kusaidiwa.

Jumapili iliyofuata waliokuja walikuwa wachache, waliocheka hawakurudi. Fulgence alirusha kwa nguvu. Assani alingoja. Alingoja mpaka Hilaire akafikiri kwamba amechelewa tena, halafu kiganja kikageuka, kidogo tu, na mpira ukaondoka juu ya majani kama ulikuwa unakumbuka njia ya kwao. Hilaire alijikuta amesimama.

Alimgeukia Angèle ili waone pamoja. Midomo ya mke wake ilikuwa inatembea, inataja jina la pigo, na uso wake ulikuwa umeelekea upande wa pili, kwenye majani matupu, karibu na bega lake, mahali ambapo Berthe angekaa.

Ndipo Hilaire alipojua kwamba wivu haujamtoka, umehama tu. Hakumwonea Assani wivu tena. Aliwaonea wale wasichana wawili waliokaa chini miaka ile, waliopata kuona mikono hiyo ikiwa bado michanga. Pigo lililofuata alijaribu kulitaja yeye, akasema, “Kumwaga Maji.” Angèle akamwambia hapana, hilo ni Kufungua Mlango. Hakulisema kwa ukali, na alisogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa.

Walicheza hivyo majira kadhaa. Baadaye Uganda ilitulia upande ule, na Assani akarudi Arua na familia yake, gongo la musizi akaenda nalo. Hilaire alilipa yeye mwenyewe ngozi ya kulifunika kwa safari. Wateja wa atelie walizoea kumsikia akisimulia yale mapigo, akisimama, akigeuza kiganja hewani, akiapa kwamba hakuna mtu wa Bunia atakayeona tena kitu kama kile.

Angèle akipita na ndoo, akimsikia, alikuwa anasema tu, “Hiyo haikuwa kitu. Mungemuona ule wa Arua.”

Na kila mara, hata nywele zake zilipokwisha kuwa nyeupe, Hilaire aliinamia ubao wake na kuisukuma randa kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka.